Mzee wa Mvi Barazani: Vidokezo 13 vya Kumtunza

Mgeni akifika kwetu Arusha kwa mara ya kwanza, kabla hajaketi huuliza kile cheupe kilichosimama pembeni ya mlango ni kitu gani. Wapo waliodhani ni mwanasesere wa watoto, na mama mmoja aliniuliza kama nimeanika sufi. Ni mmea. Ni kaktasi ya kusimama wima kama nguzo, haina jani wala tawi, na imefunikwa nywele ndefu nyeupe toka utosini hadi karibu na udongo. Kitaalamu inaitwa Cephalocereus senilis: jina la kwanza lina Kigiriki cha "kichwa" ndani yake, na la pili ni Kilatini, maana yake "-a kizee". Kwao Mexico watu huuita viejito, yaani kibabu. Wanangu hawakuyajua hayo, lakini siku ya kwanza tu wakauita Babu, na mdogo wao hadi leo huuamkia shikamoo asubuhi akienda shule.

Nimekaa nao miaka tisa. Kabla yake nilikuwa na mwingine, ukafa mikononi mwangu kwa kosa nitakalolieleza mbele. Jambo moja nimelishika katika miaka hiyo: habari za mmea huu ziko kwenye nywele zake. Jua haba, wadudu, maji mabaya, ubovu unaoanza chinichini, vyote huonekana hapo mapema kuliko penginepo. Ukijua kuzisoma nywele, mengine yanakuwa mepesi.

1. Mfahamu kwao kabla hujamleta kwako

Chimbuko lake ni mashariki mwa Mexico, katika majimbo ya Hidalgo na Veracruz. Mahali panapojulikana zaidi ni Barranca de Metztitlán, bonde lenye kuta ndefu huko Hidalgo, ambalo tangu mwaka 2000 ni hifadhi inayolindwa kisheria, kubwa zaidi ya hekta 96,000. Wazee hawa husimama kwenye miteremko ya mawe ya chokaa, wengine wakifikia mita 12 hadi 15. Mvua huja miezi ya joto, kati ya Mei na Oktoba. Miezi ya baridi ni mikavu. Mchana jua linawaka, usiku baridi inashuka.

Hapo ndipo nywele zinapoeleweka. Kwa asili ni miiba iliyogeuka ikawa mirefu, laini, isiyochoma. Weupe wake huurudisha mwanga wa jua usiiunguze ngozi, na hewa iliyonaswa katikati yake huupunguzia mmea ukavu wa mchana na ubaridi wa usiku. Amevaa kilemba na shuka kwa pamoja. Ndiyo maana mzee aliyewekwa kivulini huanza kutoa nywele chache, fupi, na kijani cha mwili kikaonekana: haoni sababu ya kujifunika.

2. Usiuziwe mzee mwingine

Kuna kaktasi kadhaa za nguzo zenye manyoya meupe, na vitalu vingi huziuza zote kwa jina moja. Espostoa lanata ya Peru na Ecuador imezungukwa na sufi kama utando wa buibui, na hukua haraka zaidi. Oreocereus ya milima ya Andes ina nywele pia, lakini miiba yake minene hutokeza nje wazi. Huyu wetu nywele zake ni ndefu na hulala kuelekea chini kama ndevu. Zote ni nzuri, nami sina ugomvi na mtu anayezipenda hizo nyingine. Ila matunzo yanatofautiana kidogo, na bei nayo, kwa hiyo ni haki yako kujua unanunua nini.

Usichanganye pia na miti yetu ya Afrika Mashariki inayofanana na kaktasi, ile yenye matawi kama kinara cha mishumaa, ambayo msitu wake mkubwa uko kando ya Ziwa Nakuru, Kenya. Hiyo ni ya ukoo wa mnyaa. Ikikwaruzwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Kaktasi nyingi za kweli hutoa maji tu, au ute.

Tena: mzee mdogo hana ua. Mimi niliwahi kununua mmoja wa urefu wa shubiri, amevaa ua la waridi utosini, nikalilipia na hilo ua. Nyumbani nililigusa likabanduka na gundi yake. Mmea huu hauchanui mpaka uwe na urefu wa mita kadhaa, kwa hiyo ua lolote unaloliona kwenye chungu kidogo limebandikwa, na gundi hiyo inaumiza sehemu ya juu inayokua. Mtu akikuonyesha, mpite.

3. Uliza ametoka wapi

Kwa kuwa anakua polepole na anapendeza tangu akiwa mdogo, watu wamemchimba porini kwa miaka mingi, na leo huko kwao yuko hatarini. Biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na hata mbegu za kaktasi zinazotoka Mexico zinahitaji kibali. Nunua uliooteshwa kitaluni kwa mbegu. Wa kitaluni una umbo la usawa na ngozi safi. Wa porini mara nyingi ana makovu, kapinda, na mizizi yake imekatwakatwa.

Ndugu akikuahidi kukuletea mmoja kwenye begi kutoka safari, mshukuru na umkataze. Mimea inayovuka mpaka bila kukaguliwa huleta wadudu na magonjwa, na kuikagua ndiyo kazi ya mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS kule Kenya na TPHPA hapa Tanzania. Kuuliza karatasi si ukorofi.

4. Mtengenezee udongo wa mawe

Hapa nitakaa kidogo, maana udongo ukikosewa hakuna maji utakayoyapima vizuri yakaokoa kitu. Udongo mweusi wa bustani, ule tunaousifia kwa mchicha na migomba, kwa mzee huyu ni tope. Hushika maji, hugandamana, hunyima mizizi hewa.

Mchanganyiko wangu ni huu: sehemu tatu za kokoto nyepesi za volkano, zile zenye vitundu, ukubwa wa punje ya mahindi, sehemu moja ya mchanga mkali wa mtoni, uliooshwa mpaka maji yawe meupe, na sehemu moja ya mboji ya majani iliyooza barabara na kuchekechwa. Huku kwetu kando ya Mlima Meru kokoto za volkano si tabu kupata. Ukizikosa, vunja matofali ya kuchoma, uchekeche, utupe vumbi lake. Samadi mbichi usiisogeze karibu.

Kisha ongeza kiganja cha mawe ya chokaa yaliyopondwa, kwa sababu kwao alizoea chokaa. Watu wa Mombasa, Tanga na Unguja mna jiwe la matumbawe kila mahali. Ni chokaa hilo, linafaa sana, mradi liwe la zamani lililopigwa na mvua miaka mingi. La ufukweni lina chumvi. Mchanga wa bahari nao uuache baharini.

Jaribio ni rahisi. Jaza chungu, mimina kikombe cha maji, hesabu. Yakituama juu zaidi ya sekunde chache, ongeza mawe.

5. Chungu cha udongo, chenye tundu, kisicho kikubwa

Chungu cha kufinyanga hupumua na kukauka upesi kuliko cha plastiki. Upana wake uuzidi mwili wa mmea kwa vidole viwili kila upande, basi. Chungu kikubwa hubaki na maji mahali mizizi haijafika. Sahani ya chini iondoe, inageuka bwawa.

6. Jua zima, lakini kwa hatua

Anataka jua la moja kwa moja, saa sita kwa siku au zaidi. Tatizo ni kwamba mmea ulionunua huenda umekulia kwenye banda lenye wavu wa kivuli, na ukiupeleka ghafla kwenye jua la Februari ngozi iliyo kati ya nywele hubabuka, likabaki doa la kahawia lisilofutika. Wiki ya kwanza mpe jua la asubuhi peke yake. Kila wiki ongeza saa moja au mbili. Baada ya mwezi na nusu mwache nje.

Kwenye baraza mwanga huja upande mmoja, kwa hiyo mzee huinama kuufuata. Geuza chungu robo mzunguko kila mwezi. Na sisi tulio karibu na ikweta jua letu linahama: miezi fulani linapita kaskazini ya utosi, miezi mingine kusini. Kona iliyokuwa na jua zuri Desemba inaweza kuwa kivuli kitupu Juni. Chunguza mara mbili kwa mwaka, uhamishe.

7. Maji: fuata majira, achana na tarehe

Wazee wengi hufia hapa. Mizizi yake hunywa wakati wa joto. Ubaridi na unyevu vikikutana chunguni, inaoza, na hutajua mpaka imechelewa.

Wakati wa joto mimina maji mpaka yatoke chini, kisha usimguse mpaka udongo ukauke hadi chini kabisa. Juu panadanganya. Mimi huchomeka kijiti cha mshikaki hadi mwisho wa chungu. Kikitoka na chembe za udongo zimeganda, nasubiri. Kwa hali ya Arusha au Nairobi hiyo huwa takriban kila siku 10 hadi 14 kuanzia Septemba hadi Machi, mradi mvua haimfikii. Masika yakianza, namsogeza chini ya paa.

Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda na watu wanavaa masweta, simpi hata tone. Wiki nane, wakati mwingine kumi. Mwili hunywea kidogo, matuta yake yakawa makali. Usishtuke. Matuta hayo yameumbwa kukunjuka akinywa na kujikunja akikaa na njaa ya maji, na wakati wa joto ukirudi utayaona yakijaa tena siku chache baada ya maji ya kwanza.

Dodoma na Singida wana bahati na mmea huu: hewa kavu, jua la kutosha, mvua za msimu mmoja. Shida yao ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huacha ukoko juu ya udongo na madoa kwenye nywele. Kinga maji ya mvua kwenye pipa uyahifadhi. Pwani ni kinyume. Hewa ya Dar es Salaam ni nzito, nywele hazikauki, kwa hiyo mweke chini ya paa penye upepo wa bahari, na umpe maji nusu ya vile unavyodhani. Njombe na Makete, ambako sakitu huanguka, muingize ndani miezi ya baridi akiwa mkavu kabisa.

Popote ulipo, maji yaende kwenye udongo. Usimmwagie kichwani. Maji yanayolala ndani ya nywele huzipa rangi ya kutu na kuozesha utosi, na mmea huu una utosi mmoja tu wa kukulia.

8. Muoshe nywele mara moja kwa mwaka

Kazi hii ninaipenda kuliko zote, na ni mimea michache duniani inayoihitaji. Vumbi la barabara zetu, moshi, na matone ya maji hugeuza weupe kuwa rangi ya majivu. Nywele chafu pia zinazuia mwanga na kuficha wadudu, kwa hiyo usafi huu si wa urembo peke yake.

Chagua siku ya kiangazi yenye jua na upepo. Anza saa tatu asubuhi ili ifikapo magharibi awe amekauka kabisa. Funika udongo kwa mfuko wa nailoni, uufunge shingoni mwa mmea ili maji ya sabuni yasiingie kwenye mizizi. Laza chungu ubavu juu ya meza. Vaa glavu nene, maana chini ya nywele hizo laini kuna miiba ya manjano, mifupi na mikali. Wengi hudanganywa na ulaini wa juu.

Chukua maji ya uvuguvugu, lita moja, na matone machache ya shampuu ya watoto. Kwa brashi ya kunyolea au mswaki laini, piga povu ukishuka toka utosini kwenda chini, kufuata mlalo wa nywele. Usirudishe brashi juu, zinakatika. Maji ya kwanza yatakuwa kama chai ya rangi. Suuza mara mbili au tatu. Sabuni ikibaki inanata na kuvuta vumbi jipya. Suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua.

Gusagusa kwa taulo kuukuu, bila kusugua, kisha msimamishe penye upepo. Zikishakauka, zichane kwa kitana cha meno mapana. Hapo binti yangu huchukua zamu, na huwa anamaliza kwa kumwekea mbele kioo.

Mambo mawili ya kuepuka. Usitie dawa ya kung'arishia nguo, itaua ngozi. Na usizikate nywele za chini zilizopata ukahawia kwa umri. Hizo hazirudi kuwa nyeupe, hata kule Metztitlán. Mzee anavyorefuka shina la chini huachwa wazi, likafanana na gome la mti, na weupe hubaki juu.

9. Mbolea kidogo sana

Mara mbili au tatu katika msimu wa joto, mbolea ya maji yenye naitrojeni ndogo, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukizidisha atanenepa haraka, mwili uwe laini na nywele zitawanyike mbalimbali.

10. Pekua nywele kutafuta wadudu

Adui mkubwa ni vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe wenye unga, ndugu wa wale wanaosumbua muhogo. Kwenye mmea wa kijani unawaona toka mbali. Humu ni weupe ndani ya weupe. Kwa hiyo kila mwezi mimi hufunua nywele kwa ncha ya kalamu, tuta moja baada ya jingine, nikiangalia hasa utosini na pale shina linapoingia udongoni. Nywele zinazonata, au zilizoshikana na kuwa na weusi kama masizi, ni dalili kwamba wapo.

Wakiwa wachache, chovya pamba kwenye spiriti uwaguse mmoja mmoja, jioni, jua likishazama. Rudia kila wiki kwa wiki nne, kwa sababu mayai hayafi mara moja. Wakiwa wengi, mpeleke kwenye zile hatua za kuosha nywele kwanza, ndipo ufuatie na spiriti. Kuna jamaa zao wanaoishi mizizini. Mmea ukidumaa bila sababu, mtoe chunguni uangalie. Ukiona unga mweupe kwenye mizizi, osha mizizi yote, ikaushe siku kadhaa, mpande kwenye udongo mpya.

Vipande vya kaktasi unavyovikata usivitupe porini. Huyu mzee hana tabia ya kuenea, lakini desturi ya kutupa ndiyo mbaya: mpungate uliletwa kwetu kama pambo na ua wa boma, na leo huko Laikipia, Kenya, umemeza malisho, miiba yake ikaumiza midomo na macho ya mbuzi.

11. Kumhamisha chungu, tumia kanga

Kila miaka miwili au mitatu, mwanzoni mwa joto, udongo ukiwa mkavu. Kunja kanga kuukuu iwe kama mkanda mpana, mzungushe nayo kiunoni mara mbili, ndipo umuinue. Karatasi ya gazeti inafanya kazi pia, ila kanga hushika vizuri na haikwaruzi. Mtu wa pili ashike chungu. Mpande kwenye kina kilekile alichokuwa, weka kokoto tupu shingoni, na usimpe maji kwa siku saba hadi kumi. Mizizi iliyochubuka inataka kukauka kwanza.

12. Ubovu ukianza chini, kata bila huruma

Yule wa kwanza nilimuua hivi. Nilimnunua Mei kwenye chungu cha plastiki, udongo mweusi, na muuzaji akaniambia nimwagilie kila Ijumaa. Nikatii. Juni, Julai, kila Ijumaa, na sahani chini yake imejaa. Mwanzoni mwa Agosti nilimgusa karibu na udongo, kishungi cha nywele kikanifuata mkononi bila kuvutwa. Nikadhani ni uzee. Wiki iliyofuata akaanguka. Ndani palikuwa uji.

Kishungi kile kilikuwa kinaniambia, na leo ningelijua. Nywele zikibanduka kirahisi sehemu moja, bonyeza hapo. Pakiwa laini, una siku chache. Futa kisu kikali kwa spiriti, kata juu ya sehemu iliyooza, kisha angalia nyama. Ikiwa na pete ya kahawia au rangi ya chungwa, hata ndogo katikati, kata tena juu zaidi, ukikifuta kisu kila mara. Endelea mpaka uone nyama nyeupe ya kijani, safi yote. Paka salfa ya unga, ile wanayopulizia wakulima wa korosho Mtwara na Lindi.

Sasa subira. Kipando cha muhogo unakata na kuchomeka siku hiyohiyo. Huyu akichomekwa mbichi anaoza upya. Msimamishe wima kivulini, penye hewa, ndani ya kikopo kitupu, wiki tatu hadi nne, mpaka pale ulipokata pakauke na kufunga kovu gumu. Kisha mkalishe juu ya kokoto kavu, umuegemeze kwa vijiti, umnyunyizie kokoto kidogo sana kila baada ya wiki mbili. Mizizi huweza kuchukua miezi, na aina hii ni nzito kushika kuliko kaktasi nyingine nyingi za nguzo. Wengine hawashiki. Jaribu hata hivyo.

13. Otesha mbegu

Ukipata mbegu halali, otesha. Ni njia inayompa mzee watoto bila kumwibia mtu mlimani. Chekecha mchanganyiko ule wa udongo uwe laini, uuchemshe kwa mvuke kuua kuvu, uache upoe. Tandaza mbegu juu, usizifukie, maana zinataka mwanga. Nyunyizia maji yaliyochemshwa na kupoa, funika chombo kwa nailoni angavu, kiweke penye mwanga usio wa jua kali na joto la nyuzi 20 hadi 27. Ndani ya wiki moja hadi tatu utaona vitone vya kijani. Vikae na unyevu miezi ya kwanza, kinyume na wakubwa wao. Kisha anza kutoboa nailoni tundu moja moja, vizoee hewa.

Mwaka mmoja baadaye kila mche una ukubwa wa mbaazi, na tayari una vinywele. Watoto wangu waliita majirani waje kuona. Ua usilisubiri chunguni. Huko kwao, mzee akishakuwa na mita kadhaa huota manyoya mazito upande mmoja wa kichwa, na maua hutokea humo usiku, ya rangi kati ya waridi na manjano hafifu, popo wakaja kunywa.

Kati ya miche yangu, mmoja nimemwahidi dada yangu wa Dodoma, ambaye ana kiwanja chenye mwinuko wa mawe nyuma ya nyumba. Ataupanda ardhini ukifikia urefu wa goti. Tulikwenda pamoja kuchagua mahali: penye jua toka asubuhi hadi jioni, maji ya mvua yanateremka bila kusimama, mbuzi hawafiki. Dada akapiga magoti akaanza kuondoa majani. Mimi nikatazama juu, nikamwomba tusogee hatua kumi kushoto, kwa sababu waya wa umeme ulikuwa unapita pale, mita nane tu kutoka ardhini.